Msomi Akija Kijijini: Mpokee, Mpe Kazi, Mdai Jibu

Huenda umewahi kumwona. Anashuka kwenye basi akiwa na begi mgongoni. Viatu vyake ni safi bado. Mkononi ana bahasha ya kaki. Anauliza, "Ofisi ya kijiji iko wapi?" Watoto wanamfuata. Watu wazima wanatazamana. Mmoja ananong'ona, "Huyu amekuja kupima ardhi." Mwingine anasema, "Hapana, ni mtu wa kodi." Wa tatu anasema, "Ameleta msaada. Tuandikishe majina upesi."

Mara nyingi wote watatu wamekosea. Mgeni huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ametumwa kuishi na kufanya kazi kijijini kwa wiki kadhaa au kwa msimu mzima. Tena amepewa fedha ya kumwezesha kuishi huko.

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo na nimefanya kazi vijijini kwa zaidi ya miaka 20. Nimewapokea wanafunzi wengi wa namna hii. Wengine walitufaa. Wengine walituacha na maneno mdomoni. Leo nataka tuzungumze habari zao, kwa sababu jambo hili linakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Mwanafunzi huyu ni nani?

Mtu akimaliza kidato cha 6 na kuingia chuo kikuu, husoma miaka 3 au zaidi. Akifaulu hupata shahada ya kwanza. Akitaka kuendelea, husomea shahada ya pili, na baadaye shahada ya tatu.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huja kijijini au ofisini kujifunza kazi kwa vitendo. Amesoma darasani jinsi ya kupima rutuba ya udongo. Sasa anatakiwa aushike udongo wenyewe.

Mwanafunzi wa shahada ya pili au ya tatu huja kwa jambo jingine. Yeye ni lazima atafute jibu la swali ambalo bado halijajibiwa sawasawa. Kwa nini mihogo ya bonde hili inaoza? Kwa nini mbuzi wa hapa wanatupa mimba? Kazi hiyo huitwa utafiti. Akimaliza, huandika kitabu na kukitetea mbele ya walimu wake.

Utaratibu huu hauko kwenye kilimo peke yake. Daktari akimaliza masomo yake, kwanza hufanya kazi hospitalini kwa mwaka 1 chini ya madaktari wazoefu. Serikali humlipa posho. Baada ya hapo ndipo anaposajiliwa kuwa daktari kamili. Hatungependa kutibiwa na mtu aliyesoma vitabu tu bila kumgusa mgonjwa. Vivyo hivyo, shamba halitaki mtaalamu asiyewahi kukanyaga tope.

Fedha yake inatoka wapi?

Watu wengi huuliza swali hili. Ni swali zuri, wala si la aibu.

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hupata mkopo kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Katika mkopo huo limo fungu la mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hutumia fungu hilo kwa nauli, chumba na chakula. Mkopo si zawadi. Akipata kazi, hukatwa mshahara mpaka deni liishe.

Wanafunzi wa shahada ya pili na ya tatu hulipiwa kwa njia mbalimbali. Wengine hulipiwa na mwajiri wao. Wengine hupata fungu la utafiti kutoka serikalini au kwa wafadhili. Uko pia umoja wa vyuo vikuu vya Afrika unaoshughulikia kilimo, uitwao RUFORUM. Ulianza mwaka 2004 kwa vyuo 10, na makao yake makuu yako Kampala, Uganda. Leo una vyuo zaidi ya 100, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimo. Umoja huo umewahi kutoa fedha ili mwanafunzi akishamaliza utafiti arudi kukaa na wakulima, awaeleze aliyoyapata. Huo ni mfano mzuri sana.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Fedha ya serikali inatoka wapi? Unaponunua sabuni dukani, kodi imo katika bei. Unapouza mazao, ushuru unakatwa. Fedha hizo hujenga barabara, hununua dawa, na husomesha vijana. Basi mwanafunzi anayelipwa kwa fedha ya umma umemtuma wewe pia. Na mtu uliyemtuma ana deni la kukuletea majibu.

Tumetoka mbali

Jambo la wasomi kwenda vijijini lina historia ndefu katika nchi yetu. Lina mafunzo machungu na mafunzo matamu.

Wakati wa ukoloni, wataalamu walikuja kuamuru. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo unamomonyoka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini iliwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza. Kazi ilikuwa nzito sana. Mahali pengi udongo mbaya wa chini ulikuja juu, na mazao yakadhoofu. Wananchi walisema, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 hasira ilipanda. Palitokea ghasia huko Matombo, na mpango huo ukaachwa. Wataalamu wale walijua habari za udongo. Hawakujua habari za watu wanaoulima.

Baada ya uhuru swali likageuka. Likawa hivi: msomi ana deni gani kwa wananchi waliomsomesha? Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wanaomaliza elimu ya juu walitumikie Taifa kwa miaka 2. Sehemu ya kwanza wangekaa katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sehemu iliyobaki wangefanya kazi zao za kawaida, lakini wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wengi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akaamuru warudishwe makwao. Lakini hakuishia kwa vijana. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale waliruhusiwa baadaye kurudi masomoni.

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ikaamua kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Baadaye utaratibu huo uliachwa. Hata hivyo, fikra iliyokuwa ndani yake haijafa: elimu isiyokutana na kazi haijakomaa.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wilayani Bagamoyo, kulikuwa na mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo. Ulianza mwaka 1975 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland. Watafiti wake waliishi vijijini. Walitaka mwananchi awe mtafiti mwenzao, asiwe mtu wa kuulizwa tu.

Nchi nyingine za Afrika nazo zilitafuta njia. Ethiopia ilianza mwaka 1964. Wanafunzi wa chuo kikuu walitakiwa kufanya kazi mikoani kwa mwaka 1 kabla ya kupata shahada, na wengi wao walifundisha shule. Nigeria ilianza mwaka 1973, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko kijana anayemaliza chuo hupelekwa kwenye jimbo lisilo lake kwa mwaka 1, naye hulipwa posho na serikali. Shabaha ni kwamba wafahamiane na wajengane.

Unaona basi? Kila nchi imejiuliza swali lile lile. Msomi na mwanakijiji watakutana vipi ili wote wawili wafaidike?

Yaliyotokea kijijini kwetu

Sasa nitakusimulia niliyoyaona mwenyewe. Sitataja kijiji wala chuo, kwa maana sitaki kumwaibisha mtu. Tena sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja binti mmoja wa shahada ya pili. Alikuwa mpole na mwenye bidii. Utafiti wake ulihusu uhifadhi wa mahindi. Mimi ndiye niliyemtembeza nyumba kwa nyumba. Alikuwa na fomu yenye maswali mengi. Una magunia mangapi? Unahifadhi wapi? Dumuzi amekula kiasi gani? Watu waliacha palizi wakakaa naye. Wengine walimpa uji, wengine wakamfungia kuku. Kila nyumba waliniuliza, "Bwana Shamba, majibu tutayapata?" Nami kila nyumba nilijibu, "Mtayapata."

Baada ya wiki 3 aliondoka. Hatukumwona tena, wala hatukupata barua. Mwaka ukapita. Dumuzi wakala mahindi. Mwaka wa pili ukapita. Dumuzi wakala tena. Watu waliponiuliza, nilitazama chini.

Mwaka wa tatu akaja mwanafunzi mwingine, kijana, kutoka chuo kingine. Yeye alitaka kuchunguza panya wa shambani. Mtendaji wa kijiji alimpeleka kwenye mkutano mkuu. Kijana akasimama, akajieleza vizuri. Alipomaliza pakawa kimya.

Ndipo akainuka mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Mama huyu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Akasema hivi:

"Mwanangu, karibu. Lakini yule wa kwanza alinihesabia magunia, akanihesabia mpaka debe la pumba. Nilimjibu yote. Jibu lake liko wapi? Bwana Shamba, wewe ulituahidi. Liko wapi?"

Sikuwa na la kusema. Mzee mmoja akadakia, "Arudi alikotoka. Hatutaki kuhesabiwa tena." Watu wengi wakapiga makofi. Nikaona kwamba kijana yule ataondoka jioni ile ile. Na panya walikuwa wanatumaliza kweli.

Mama yule akainua mkono tena. "Sikusema afukuzwe," akasema. "Nimesema tujibiwe. Aandike ahadi yake hapa, mbele yetu. Tena aandike kwa Kiswahili. Nitaisoma mimi."

Mtendaji akaleta daftari la kijiji. Kijana akaandika mambo 4. La kwanza, atakaa kijijini msimu mzima. La pili, atatulipa kwa kazi tutakayomfanyia. La tatu, hataondoka kabla ya kutueleza aliyoyaona. La nne, atatuletea maandishi kwa Kiswahili. Mama akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno. Kisha kijana akatia saini, na mwenyekiti akatia saini.

Ndugu msomaji, mimi nimehudhuria mikutano mingi. Sijaona kalamu ikifanya kazi kubwa kama siku ile.

Kijana wa panya

Kijana alipanga chumba kwa mjane mmoja na akamlipa kodi ya chumba kila mwezi. Alinunua chakula chake. Watu walipomwuliza analipwa kiasi gani, hakuficha. Alitaja kiasi, akaeleza kinavyogawanyika. Minong'ono ikaisha. Fedha inayofichwa huzaa uvumi. Fedha inayotajwa huzaa imani.

Aliwachukua vijana 4 wa kijiji wamsaidie kutega. Aliwalipa kwa siku. Asubuhi na mapema walikwenda kuangalia mitego, nao wakajifunza kuandika hesabu kwenye jedwali.

Sisi tulijua kwamba panya hula mbegu. Hatukujua mengine mengi. Kijana alitueleza mambo ambayo watafiti wamechunguza kwa miaka mingi, hasa huko Morogoro. Panya shamba jike hubeba mimba kwa wiki 3 hivi, na huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Mvua za vuli zikiwa nyingi, majani na mbegu za porini huwa tele. Panya huanza kuzaa mapema. Masika yakifika, wamejaa. Wewe unapanda mahindi, wao wanafukua mbegu shimo kwa shimo. Hatari kubwa iko katika siku za mwanzo baada ya kupanda, kabla mche haujapata nguvu.

Kisha akatufanyisha jaribio. Katika kitongoji kimoja wakulima wote walikubali kutega siku moja, kufyeka mipaka ya mashamba siku moja, na kupanda karibu siku moja. Walitumia mitego ya kununua na mitego ya ndoo. Mtego wa ndoo ni rahisi. Unafukia ndoo mpaka shingoni, unatia maji nusu, unapitisha waya juu yake wenye gunzi lililopakwa chambo. Panya akilikanyaga, gunzi linazunguka, naye anatumbukia. Mtego huo ufunike mchana, mtoto mdogo asije akatumbukia. Katika kitongoji cha pili kila mtu alifanya kama alivyozoea. Mmoja alitega, jirani yake hakutega.

Matokeo tuliyaona kwa macho. Katika kitongoji cha kwanza watu walirudishia mbegu mahali pachache. Katika kitongoji cha pili wengine walipanda upya shamba zima. Hata aliyetega hakupona, maana panya wa jirani walihamia kwake. Mzee aliyesema kijana afukuzwe alikuwa katika kitongoji hicho cha pili. Alisema, "Kumbe panya hajui mpaka wa shamba." Msimu uliofuata yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu wakatege. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hiyo tuliijua siku zote. Panya ndio waliotufundisha maana yake.

Kijana alitukataza pia kushika panya waliokufa kwa mikono mitupu. Viroboto vya panya huweza kueneza tauni. Wilayani Lushoto ugonjwa huo ulisumbua watu kuanzia mwaka 1980 mpaka 2004, na uliua mamia. Kwa hiyo tulitumia koleo, tukawafukia.

Jibu lililofungiwa kabatini

Siku ya kuondoka ikafika. Mkutano ukaitwa. Mama yule akafungua daftari la kijiji, akasoma ahadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana akabandika ukutani karatasi kubwa zenye picha na maneno ya Kiswahili. Akaeleza yote. Kisha akasema jambo lililonipendeza kuliko mengine. Alisema, "Kuna swali moja nilishindwa kulijibu. Mliniuliza kama kupanda alizeti kando ya mahindi kunapunguza panya. Sikupata ushahidi wa kutosha. Sitawadanganya." Watu walimpigia makofi kwa hilo pia.

Kabla hajaondoka alitushauri jambo. "Andikeni barua kwenye chuo cha yule dada wa kwanza. Ombeni majibu yenu." Tukaandika. Serikali ya kijiji ikatia muhuri. Baada ya miezi michache kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na kitabu kinene. Chote kilikuwa kwa Kiingereza.

Kijana aliporudi kutuletea maandishi yake, kama alivyoahidi, alikaa siku 2 zaidi. Akatusomea kitabu kile na kutufasiria sehemu zilizotuhusu. Binti yule alikuwa amefanya kazi nzuri sana! Alikuwa ameona jambo ambalo hata mimi sikuliona. Mimi nilikuwa nawafundisha watu wapukuchue mahindi, wayakaushe na kuyatia dawa. Walinisikiliza. Lakini yeye aliona kwamba wengi walirudisha mahindi safi katika magunia ya zamani yasiyochemshwa, na kuyaweka kando ya vihenge vya miti mikuukuu. Dumuzi hujificha katika miti na magunia hayo. Mavuno mapya yakiingia, wao wanasubiri mlangoni.

Jibu lilikuwepo. Lilikaa kabatini miaka 3, na miaka 3 tulilisha dumuzi. Fikiri ni magunia mangapi yalipotea. Fikiri ni ada ngapi za shule, ni sare ngapi za watoto. Binti yule hakuwa mwizi wala mwongo. Alijibu walimu wake, akasahau kutujibu sisi. Nasi hatukumdai. Nami niliyeahidi kwa niaba yake sikufuatilia. Sote watatu tulikosa.

Mwaka ule tulivunja vihenge vya zamani tukavichoma. Tulichemsha magunia. Wenye uwezo walinunua mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi hawakwisha, lakini walipungua sana.

Wewe ufanye nini?

Mwanafunzi au mtafiti akija kijijini kwako, fanya mambo haya.

1. Taka barua. Mtafiti wa kweli ana barua ya utambulisho kutoka chuoni, iliyopitia kwa viongozi wa mkoa au wilaya. Mgeni kutoka nchi za nje anatakiwa pia kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Isome barua mwenyewe. Kama huwezi kusoma maneno yote, mwombe mtu unayemwamini akusomee.

2. Uliza bila woga. Umetoka wapi? Unatafuta nini? Nani anakulipa? Majibu yangu utayapeleka wapi? Jina langu litaandikwa? Mtafiti mwema hakasiriki akiulizwa.

3. Soma kabla ya kutia saini. Atakuletea karatasi ya kukubali kuulizwa maswali. Usiweke saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Una haki ya kukataa. Una haki ya kujibu maswali mengine na kuacha mengine. Una haki hata ya kuacha katikati.

4. Usimpe fedha. Mtafiti hauzi fomu wala haandikishi watu wa msaada kwa malipo. Akidai fedha, mpeleke ofisini.

5. Sema kweli. Usiongeze magunia ili uonekane tajiri. Usipunguze ili upewe msaada. Ukimdanganya, naye ataandika uongo, na ushauri utakaokuja utakuwa wa uongo.

6. Mpe kazi. Mpe jembe alime nawe. Mpeleke kisimani. Mwonyeshe shamba baya, si lile zuri la kando ya barabara tu. Mweleze tatizo linalowasumbua, hata kama halimo katika fomu yake.

7. Mdai jibu. Ahadi iandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe na anwani ya chuo. Asipoleta, andikeni barua. Msichoke.

Na wewe mwanafunzi

Gazeti hili husomwa na wazazi wa wanafunzi, na mara nyingine na wanafunzi wenyewe wakiwa likizoni. Kwako kijana nina maneno machache.

Usije kijijini na majibu mfukoni. Uluguru walifanya hivyo mwaka 1955. Usione aibu kuuliza jina la mdudu kwa mtoto wa darasa la 3. Mimi nina cheti tu, lakini nimejifunza kwa wakulima mambo ambayo hayamo katika vitabu vyangu. Wewe mwenye shahada utajifunza zaidi ukiwa na masikio makubwa kuliko mdomo. Chumba unachokaa, kilipie. Kazi unayofanyiwa, ilipie. Na kabla ya kupanda basi kurudi, simama mbele ya watu waeleze ulichokiona. Kitabu kinene ni cha walimu wako. Kurasa 4 za Kiswahili ni zetu.

Ndugu msomaji, zamani msomi alikuja akaandika, na sisi hatukuweza kusoma alichoandika. Leo wewe unasoma. Kwa hiyo mambo yamebadilika. Mama yule wa kijijini kwetu hakuwa na cheo. Alikuwa na miwani, daftari na ujasiri. Alifanya ahadi ya mdomo iwe ahadi ya maandishi. Hiyo ndiyo faida ya kisomo.

Karatasi za yule kijana bado ziko ukutani katika ofisi yetu ya kijiji. Kingo zimechakaa. Kila vuli inapokuwa na mvua nyingi, utamkuta mtu amesimama pale, anasoma polepole kwa kidole, kisha anakwenda kutafuta ndoo.

Maswali ya kujadili katika darasa au katika kikundi

1. Je, mwanafunzi au mtafiti amewahi kuja kijijini kwenu? Alitafuta nini? Je, mlipata majibu?

2. Kama hamkupata, mnakumbuka alitoka chuo gani? Andikeni barua ya kuomba majibu. Mwenye mwandiko mzuri aandike, wengine waseme.

3. Ni tatizo gani kijijini kwenu mngependa mwanafunzi wa chuo kikuu alichunguze? Liandikeni katika daftari la kijiji ili akija alikute.

4. Kwa nini kutega panya peke yako hakutoshi? Ni kazi gani nyingine za kijiji zinazoharibika kwa sababu kila mtu anafanya kwa wakati wake?